Futi Tano za Giza

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mashine ya Baba mkwe imeonekana! Nimeandika hilo kwanza, baridi itafuata. Baridi ipo. Nimeolewa huku Lushoto kutoka Muheza miaka thelathini na saba iliyopita, na kila Agosti vidole vinakufa ganzi mpaka saa nne asubuhi, na kila Agosti mume wangu Bakari ananiambia nitazoea.

Alikuwa ametoka kununua kiberiti tu. Akarudi mbio bila kiberiti. Kuna watu wa mradi wa kumbukumbu wamekuja kutoka Dar, wanakusanya sauti na picha za zamani za milimani. Kwenye stoo ya misheni moja huko juu wamekuta mashine ya sinema yenye mnyororo wa baiskeli. Nikavaa viatu hapo hapo. Chai tumeiacha mezani, tukaenda ukumbini walikoiweka.

Ni yenyewe. Miaka yote nilikuwa naisikia tu. Baba mkwe alifariki mwaka 1998, na alipokuwa hai aliieleza kwa mikono, hewani, mimi nimekaa mbali kwa adabu ya mkwe huku hamu ya mwalimu wa fizikia inanichoma. Projekta ya zamani isiyo na sauti. Pembeni yake tepurekoda ya magurudumu mawili, imefunguliwa tumbo. Katikati yao mnyororo, na gurudumu la cherehani. Nimeligusa gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka laini, halikutoa hata mlio.

Mbele yake wameweka kibao cha karatasi: "Mashine ya Padri, 1961."

Bakari amekisoma mara mbili. Akatoa leso mfukoni akaanza kuifuta mashine vumbi, na binti wa mradi, anaitwa Glory, akamwomba kwa upole asiguse.

Jumanne, 5 Agosti

Glory ni mtu mzuri. Shikamoo yake ni ya kusimama, si ya kupitia. Nimemweleza mashine inavyofanya kazi na amekubali tuizungushe kidogo—tepu tu, bila filamu. Filamu imeanza kunuka siki, na hiyo ni dalili kwamba inazeeka vibaya.

Niandike hapa nisije nikasahau nilivyofurahi. Padri alikuwa na kamera. Alipiga filamu ya siku ya soko hapa Lushoto, bubu, na watu walipoiona wakataka iseme Kishambaa. Padri akajaribu kusimama mbele aieleze mwenyewe. Kishambaa chake kikawachekesha watu pasipotakiwa. Ndipo ikaletwa tepurekoda. Sasa tatizo: projekta inazungushwa kwa mkono, na mkono wa mtu huchoka. Picha inachelewa, sauti inatangulia. Kuku anaonekana, sauti iko kwenye vitunguu!

Baba mkwe alikuwa seremala wa misheni, Mwislamu peke yake katika karakana nzima. Akaviunganisha vyote viwili kwa mnyororo mmoja. Ukizungusha upesi, picha na sauti vinakimbia pamoja. Ukipunguza, vinapunguza pamoja. Gurudumu la cherehani ni zito, linatuliza mkono unaotetemeka ili sauti isitetemeke nayo. Najua kwingine duniani walishayamaliza haya zamani. Yeye hakuwa ameona hata mashine moja ya namna hiyo. Alifika kwa miguu yake mwenyewe. Ningekuwa namsahihisha ningempa mia, halafu ningeomba anifundishe.

Bakari akazungusha. Spika ikakohoa. Halafu sauti ya mwanamke kijana, Kishambaa cha haraka haraka, anataja kabichi na karoti na watu waliozibeba kichwani. Ni Mama! Mama mkwe wangu, Hadija, akiwa na miaka ishirini na miwili. Bakari mkono ukamlegea kwa mshtuko, na sauti nayo ikazama, ikawa nzito kama ya mzee aliyeamshwa usingizini. Tukacheka wote, hata Glory.

Mwisho wa tepu Mama anasema kwamba mashine hii ameitengeneza mwenye nyumba yangu, mnamjua. Basi, imekwisha. Mnamjua! Nilitamani kuingia ndani ya spika nimtikise. Wanawake wa rika lake huku hawataji jina la mume—hata kwenye tepu, hata kwa faida yake mwenyewe.

Glory anasema daftari la misheni limeandika "mashine ya Padri". Padri hakudanganya, maana projekta na filamu vilikuwa vyake kweli. Ili kibao kibadilishwe, anahitaji mtu aliyekuwepo, arekodiwe akieleza nani aliitengeneza. Maonyesho yanafunguliwa Jumamosi tarehe 16. Baada ya hapo vitu vyote vinakwenda Dar, orodha inafungwa, na kilichoandikwa ndicho hicho. Watu waliokuwepo na bado wako hai ni mmoja tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, sikukuu ya wakulima. Mji umetulia. Nimefua blanketi, halikauki.

Nimempigia simu wifi yangu Mwanahawa kule Mnazi. Mama anaishi kwake, joto la kule linamfaa magoti. Nikaeleza, nikasikia Mama anaelezwa. Amekubali kupanda huku milimani. Ametoa sharti: apewe chumba cha karibu na jiko. Nimemhamisha Bakari na vyuma vyake vyote, amenung'unika mpaka adhuhuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama amefika. Miaka themanini na sita, mgongo umenyooka kuliko wangu. Ameleta mchele, kuku wawili na malalamiko: barabara, baridi, mimi nimekonda, Bakari amenenepa. Nimempigia magoti nikamwamkia, akanishika kichwa akanizuia hapo hapo nisiinuke, kama anavyofanya siku zote. Nampenda mwanamke huyu. Sijui kama nimewahi kuliandika.

Hajauliza habari za mashine. Ameuliza kama misheni bado wana ile miti ya plamu.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo imekuwa ndefu.

Tulimpeleka Mama ukumbini. Glory na mwenzake wa kompyuta walikuwa wamemwandalia kitu cha kumfurahisha: filamu wameshaihamishia kwenye kompyuta, wameisafisha, wameiunganisha na sauti yake. Wakamkalisha kwenye kiti cha mbele. Taa zikazimwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Soko letu! Ukungu ule ule. Wanawake wanashuka na matenga, na sauti ya Mama inawataja mmoja mmoja kwa ukoo wake. Mama akawa anaitikia kwa kichwa. Halafu kidogo kidogo mambo yakaenda upande. Sauti inasema huyu ndiye muuza viatu, picha inaonyesha mbuzi. Sauti inamsifu bibi harusi, tunamwona mzee anapiga chafya. Nilicheka, nikajificha kwenye mtandio. Mama hakucheka. Alisimama.

"Mmekata giza," akasema. "Giza langu mmelipeleka wapi?"

Yule wa kompyuta akaeleza kwa heshima zote. Filamu ilikuwa na vipande vyeusi, vingi vidogo vidogo na kimoja kirefu sana, picha hakuna. Wakadhani ni uharibifu wakaviondoa. Mama akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyetupa maganda ya ndizi mlangoni. Akakaa, akatueleza. Mimi na Bakari tulikuwa hatujawahi kuyasikia.

Filamu ilikuwa inakatika, ndiyo kawaida yake. Ukiunga, picha chache zinapotea, na kuanzia hapo picha inaitangulia sauti. Kwa hiyo kila palipopotea picha, Baba mkwe alipima kilichopotea, akaweka kipande cheusi cha urefu ule ule. Watu wanaona giza la kufumba jicho, sauti inaendelea, na mbele yake kila kitu kiko mahali pake. Niliposikia hivyo nikasimama na mimi. Aliyapanga yote haya kwa rula ya useremala!

Kile kirefu ni habari nyingine. Mvua za mwaka 1962, paa la nyumba yao likavuja, filamu ikalowa. Mama akataka kusaidia. Akafanya kama afanyavyo na nguo: akaianika kwenye ua wa nje, akaenda kuchota maji. Mbuzi akala futi tano.

Nani mwingine duniani angeianika sinema kwenye ua wa michongoma! Bakari alikuwa anafuta machozi ya kucheka. Mama akaendelea, sauti yake imeshuka. Alisema alikaa jikoni siku nzima akingojea kugombezwa. Yule mghoshi, ndivyo Washambaa wamwitavyo mwanamume, akarudi, akatazama ua, akamtazama mbuzi, hakusema kitu. Mwanamume gani huyo. Baada ya siku tatu akamwita karakana akamwonyesha futi tano nyeusi, ameziunga pale pale mbuzi alipokula.

"Akaniambia, picha zimeliwa, lakini maneno yako sikuyagusa. Nimeyawekea nafasi yao."

Glory alikuwa amewasha kinasa sauti tangu mwanzo. Akamwambia mwenzake arudishe vipande vyeusi vyote leo leo. Akaniambia pembeni kwamba hii ndiyo habari ya maonyesho yote. Nimerudi nyumbani nimeshiba bila kula.

Jumatano, 13 Agosti

Nilishangilia mapema.

Glory amekuja nyumbani asubuhi, amekaa ukingoni mwa kiti. Maelezo ya Mama ya juzi ni dakika themanini na mbili. Ameyasikiliza yote mara tatu. "Yule mghoshi." "Mwenye nyumba." "Baba Bakari." "Yeye." Jina halimo hata mara moja. Mwanasheria wa mradi wao huko Dar hataki kusikia: daftari la misheni lina jina, ushahidi wetu hauna. Shahidi alitaje jina la mtengenezaji kwa kinywa chake, tena lirekodiwe. Bakari akasema yeye ni mtoto wake, atalitaja hata mara mia. Glory akasema samahani Mzee, wewe ulizaliwa mwaka 1963.

Tukaenda jikoni kwa Mama. Alikuwa anachambua mchele. Glory akamwomba kwa lugha nzuri kabisa. Mama akajibu kwa lugha nzuri vile vile: hapana.

Nikajaribu mimi. Nikasema Mama, wanaomjua wanazidi kupungua. Nikamhesabia kwenye vidole vyangu mwenyewe, havikujaa mkono mmoja. Nikasema kesho keshokutwa mtoto atasimama mbele ya mashine ile asome jina la mtu mwingine. Nikasema na mengine, nikaongeza sauti kama niko darasani, jambo ambalo sikupaswa.

Mama akaacha mchele. "Shamsa. Mama yangu aliniambia jina la mume ni la watu wa nje. Wewe wa ndani una lako la kumwitia. Nimeishi naye miaka thelathini na saba, na mingine ishirini na saba bila yeye. Sijawahi kuwa mtu wa nje."

Nikachukua ungo mwingine tukachambua pamoja mpaka jua likafika dirishani.

Alhamisi, 14 Agosti

Nina amani leo, sijui kwa nini. Ukungu umeondoka mapema, mapea yameiva kwa jirani, ametuletea beseni.

Bakari anasema tumwache mama yake. Nimesema nimemwacha. Amesema nimemwacha kwa mdomo tu, macho bado yanamfuata. Ni kweli.

Halafu jioni nimefungua daftari hili kutafuta tarehe niliyopeleka saa yangu kwa fundi. Nikasoma tangu Jumapili ya kwanza. Nikarudi nyuma zaidi, madaftari ya miaka iliyopita, mpaka lile la mwaka 1998, siku ya mazishi. Baba mkwe. Baba mkwe. Marehemu. Baba. Mimi! Mwalimu mstaafu, mtoto wa Muheza, ninayemwita mume wangu Bakari mbele za watu na kumcheka mama mkwe kwa mambo ya kizamani. Hata hapa, ambapo hasomi mtu, sijaliandika jina lake. Nimeshika kalamu sasa hivi nijaribu. Nimechora maua pembeni mwa ukurasa.

Basi sina haki ya kumhukumu Mama. Nimekwenda kumwambia. Akacheka mpaka akashika magoti yake, akaniambia nimekuwa Mshambaa, imechukua muda tu.

Glory amepiga simu. Kibao cha Padri amekitoa. Kipya amekiacha kitupu, ataking'ang'ania hivyo mpaka Jumamosi mchana. Zaidi ya hapo hana uwezo. Pia ameruhusu filamu yenyewe ipite kwenye mashine yenyewe, mara moja tu, halafu inafungiwa kwenye sanduku la baridi moja kwa moja. Tumepaka mnyororo mafuta.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika ukumbini, daftari liko pajani. Watu wamejaa mpaka madirishani. Wakristo wa misheni upande mmoja, watu wetu wa msikitini upande mwingine, baada ya dakika tano wamechanganyika maana kila mmoja anamtafuta babu yake kwenye picha za ukutani.

Kibao kiko mbele ya mashine. Cheupe.

Asubuhi nilipokuwa namfunga Mama kitenge cha pili kwa ajili ya baridi, aliniuliza lile giza refu linachukua muda gani. Nikasema kwa mwendo wa kawaida, futi tano ni sekunde kumi na mbili hivi. Akauliza, zinatosha? Nikauliza zinatosha nini. Halafu nikaelewa, anataka kulitaja jina gizani. Nikasema Mama, zinatosha kutaja ukoo mzima.

"Ukoo wanautaja wenyewe," akasema. "Nikalishe karibu na kile chombo chao. Na watu wasinitazame mdomo."

Nimemwambia Glory. Glory ameweka maikrofoni mbele ya kiti cha Mama na kinasa sauti kinafanya kazi. Bakari nimemwambia pia. Amevaa koti la baba yake. Ameshika mkono wa mashine kwa mikono miwili ingawa mmoja unatosha.

Taa zimezimwa. Inazunguka!

Soko. Ukungu. Sauti ya Mama wa miaka ishirini na miwili inajaza ukumbi, kila neno juu ya mtu wake. Bibi harusi ni bibi harusi. Mzee wa chafya anapiga chafya na sauti inamwombea afya. Watu wanapiga makofi. Vipande vidogo vyeusi vinapita, hakuna anayeviona ila mimi. Kiungo kimoja kimeruka, kimepita salama. Siki inanuka mpaka huku.

Muuza viatu. Mama ameisogelea maikrofoni.

Mbuzi! Yule wa picha, si yule wa ua. Ndiyo alama, Mama alisema giza liko nyuma yake.

Giza.

Sioni mstari, naandika kwa kupapasa. Sauti ya zamani inaendelea, inamsifu mtu aliyebeba magimbi ambaye mbuzi alimla. Karibu nami Mama wa leo anavuta pumzi. Nahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Hajasema. Tano. Sita. Tafadhali, Mama. Nane.

Sauti ya zamani imeanza kuzama. Inazidi kuwa nzito, maneno yanaburutika—Bakari! Bakari anapunguza mkono. Anamrefushia mama yake giza. Mnyororo unalia kiungo kimoja kimoja, gurudumu la baba yake linabeba uzito, na Mama wa ujanani anasema polepole, polepole, kama mtu anayempisha mwenzake.

"Mashine hii," Mama amesema kwenye maikrofoni, "aliitengeneza ..." Jina amelitaja, na kalamu yangu imechora ua gizani.